Tuba la Paskasi na Kipimo cha Geti

Mimi kwenye bendi napiga matoazi, na mpiga matoazi hajawahi kulalamika kwamba hasikiki. Ukiyagonganisha sawasawa, mbuzi wa jirani anakata kamba. Kwa hiyo nilipoanza kusikia minong'ono kwamba Baba Eva hasikiki, nilicheka. Mtu mwenye chombo kikubwa kuliko vyote, kile kinachomfunika kuanzia mapajani hadi juu ya kichwa, asisikike yeye nisikike mimi mwenye visahani viwili? Nikasema hawa wana wivu.

Jina lake ni Paskasi, fundi baiskeli wa Bagara, hapa Babati. Kwa watu wengi mjini alikuwa mtu wa kupita tu: mikono myeusi kwa grisi, kofia ya sufu hata jua likiwaka, na neno moja tu kwa kila baiskeli aliyoletewa, hata kama ilikanyagwa na lori: "Inapona hiyo." Lakini Jumapili akikaa na tuba lake, lile tarumbeta nene la shaba, watu walikuwa wanahama viti ili wamkaribie. Tuba lilikuwa mali ya usharika, limezeeka, limebonyea ubavuni, na lilikuwa na sauti ya chini kabisa, ile ambayo huanzi kuisikia kwa masikio. Inaanzia kwenye benchi ulilokalia. Nilipokuwa msichana, mara ya kwanza kuisikia nilidhani lori linapita nje, nikageuka dirishani. Mpaka leo sijaizoea, na sina mpango wa kuizoea.

Evangelina, binti yake wa pekee, alijifunza kutembea kwenye mazoezi yetu. Mama yake, Dorothea, alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na alizoea kumweka mtoto kwenye nyasi karibu na baba yake. Siku hiyo tulikuwa tunapiga wimbo wa maandamano, polepole, ule wa kuingizia maharusi. Mtoto akasimama. Baba akapuliza, mtoto akanyanyua mguu. Baba akashtuka, akanyamaza, na mtoto akabaki mguu juu, akiyumba, anasubiri. Tukamfokea wote kwa pamoja, "Piga!" Akapiga, mguu ukashuka. Akapiga tena, mguu wa pili ukanyanyuka. Basi tangu hapo tukawa hatuna amani. Kila sherehe, kila kikao cha chai, Paskasi lazima aseme: "Huyu nimemtembeza mimi, na siku ya harusi yake nitamtembeza tena." Tulimsikia mpaka tukawa tunammalizia sentensi.

Katikati ya hapo alitupotea. Alikwenda Mererani kutafuta mawe ya tanzanaiti kama wanaume wengi wa umri wake, akakaa huko miaka mingi, anashuka shimoni na kupanda. Alikuwa anarudi Krismasi na Pasaka, anafikia kanisani kabla hajafika nyumbani, analitoa tuba kwenye sanduku na kulipuliza mpaka Dorothea aje kumchukua. Mawe hakuyapata ya maana. Alichorudi nacho mwisho wa yote kilikuwa vumbi, tena la kifuani.

Wakati anarudi moja kwa moja, Manyara ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa mkoa, na Babati yetu ikawa makao makuu bila kujiandaa. Wakaja maofisa, wakaja wafanyabiashara, wakaja watu wa lafudhi za Moshi na Singida na Iringa wanauliza vyumba vya kupanga. Zikajengwa kumbi. Zamani harusi ilikuwa uani, turubai na viti vya kuazima, na bendi yetu ndiyo ilikuwa muziki wote. Sasa ikawa ukumbi, mapambo, mshereheshaji, DJ na spika zake ndefu kama milango. Bendi inawaingiza maharusi, halafu inapewa soda na kuambiwa asanteni sana.

Sasa nieleze kitu kimoja, maana bila hicho hutaelewa kwa nini nilikasirika. Bendi yetu ina kipimo. Kila mwaka baada ya mavuno, kabla msimu wa harusi haujachanganya, kiongozi wetu Mzee Cornel anatoka hadi kwenye geti la uwanja wa kanisa, mbali kabisa, anasimama huko. Sisi tunabaki mlangoni mwa kanisa, na kila mmoja anapiga peke yake. Akikusikia, anainua mkono. Asipokusikia, mkono haupandi, na wewe unaweka chombo chako chini kwenye nyasi mbele ya wenzako, anakichukua mwingine. Hakuna maneno, hakuna rufaa. Mzee Cornel mwenyewe alikuwa bingwa wa tarumbeta, na meno yalipoanza kumtoka alisimama mlangoni kama wengine, mkono haukupanda, akaliweka chini. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kusema kipimo kina upendeleo.

Mwaka ambao Evangelina alikuwa amechumbiwa, Paskasi alisimama mlangoni, akajaza kifua, akapuliza. Mimi nilikuwa karibu naye nikasikia vizuri, sauti ile ile tamu, ila ndogo, kama inatoka nyumba ya pili. Getini Mzee Cornel alisimama tuli. Paskasi akapuliza tena. Mkono ukabaki chini. Alipojaribu mara nyingine kikamshika kikohozi, akainama juu ya tuba mpaka nikamshika bega. Kisha akaliweka kwenye nyasi, polepole, kwa upande usiobonyea. Nickson, mwalimu wa shule ya msingi mwenye kifua kama kabati, akaliokota bila kumtazama usoni. Nilitamani kulia, na nikalia.

Hospitali walikuwa wamekwisha kumwambia mapafu yamechoka kwa vumbi la mgodini. Walimwambia atembee taratibu, asibebe vitu vizito. Tuba hawakumkataza kwa sababu hakuwaambia kwamba analo. Evangelina naye Paskasi hakumwambia lolote. Binti alikuwa anafundisha huko Kiteto, na kila akija na kusikia kikohozi, jibu lilikuwa moja: "Vumbi la barabara hii, mwanangu. Wakiweka lami litaisha." Dorothea alikuwa anageuza uso pembeni.

Niliondoka pale uwanjani nikamfuata Mzee Cornel getini, na nilimwambia maneno ambayo mtu wa kanisa hapaswi kuyatamka. Nikamkumbusha harusi ya Eva. Nikamwambia huyu mzee hajaomba kitu kingine maishani mwake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama Hope," akasema, "unadhani mimi nimefurahi? Niletee sauti yake getini, mkono nitauinua. Nitainua mikono yote miwili. Lakini siwezi kuinua kwa sauti ambayo sijaisikia."

Nilirudi nyumbani Maisaka nikakaa kwenye cherehani yangu. Nilikuwa nashona gauni la Evangelina mwenyewe, neti ya shela imejaa chumba kizima, na hasira imejaa kuliko neti. Hapo nikamkumbuka DJ. Yule kijana anaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, tena ya puani, lakini anasikika hadi stendi. Kinachomfanya asikike si kifua. Ni maiki.

Asubuhi nikaenda Bagara. Paskasi alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu.

"Shemeji," nikamwambia, "tuba likiwekewa maiki?"

Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja. Akavuta pumzi zake fupi fupi. Halafu akasema, "Inapona hiyo."

Mfukoni hatukuwa na kitu. Kamati ya harusi ilikuwa imekusanya michango yote ikaitia kwenye ukumbi, nyama na DJ, na DJ alipoombwa maiki yake alisema wazi kwamba haiwezi kuingizwa kwenye bomba la mate. Basi tukaanza na cha kuazima. Kulikuwa na bwana mmoja wa gari la matangazo, yule anayepita mitaani kutangaza mikutano na watu waliopotelewa na ng'ombe. Juu ya gari lake ana spika ya mdomo mpana, na tulivyoitazama tukasema imekwisha hiyo, hii si tarumbeta kabisa? Hii ni ndugu yake tuba. Mjini kwetu kila mpiga tarumbeta angefikiri hivyohivyo. Tukaiweka uani kwa Paskasi, tukamshikia maiki mbele ya tuba, akapuliza.

Kilichotoka sijui nikiite nini. Nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Sauti yote ya chini, ile ya kwenye benchi, ilikuwa imeondolewa kabisa, zimebaki kelele za juu tu. Majirani wakatoka. Dorothea alikuja mlangoni na unga mikononi, akasikiliza kidogo, akasema, "Huyo siyo mume wangu," akarudi jikoni.

Aliyetutoa gizani ni Praygod, mwenye kibanda cha video upande wa ziwani. Alikuwa mteja wa Paskasi. Baiskeli yake ilikuwa imepona mara nyingi kuliko mgonjwa yeyote wa mji huu. Alipotusikiliza alicheka, lakini kicheko cha kutuonea huruma. Akasema spika ile ni ya maneno, si ya muziki. Sauti nene inataka nyumba kubwa ya kukaa. Akatuonyesha ya kwake: sanduku la mbao za kabati la zamani alilolichonga mwenyewe, ndani yake spika pana kama sinia la pilau. Ndiyo iliyokuwa inatetemesha ukuta kwenye filamu za vita.

"Ichukueni siku ya harusi," akasema. "Siku hiyo watu wote watakuwa harusini, nitamwonyesha nani filamu?"

Maiki ilitoka kwenye redio kaseti ya Dorothea iliyokufa, ile ya kurekodia, ndogo kama punje ya hindi. Praygod akaiunga kwenye waya mrefu. Mwanzo waliining'iniza kwa waya mtupu, ikawa inagonga shaba na kulia kama kijiko kwenye sufuria. Hapo Paskasi akaingia kwenye kazi anayoijua. Alikata tyubu ya baiskeli vipande virefu, akavivuta kukatiza mdomo wa tuba, msalaba, akavifunga kwa nyuma jinsi anavyofunga gunia kwenye keria ya baiskeli. Maiki ikakaa katikati, inaelea, haigusi popote. Akaifunika sponji la godoro kuukuu ili pumzi isiipige moja kwa moja. Sponji lilikuwa linamwaga vumbi ndani ya tuba, kwa hiyo mimi nikashona kimfuko kidogo cha neti, mabaki ya shela ya Eva. Nilivyoona punje ile ya redio imevaa shela, nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Tulijaribu kibandani kwa Praygod mchana, mlango wa kuelekea ziwani ukiwa wazi. Paskasi alikaa kwenye benchi la watazamaji, tuba mapajani, Nickson alikuwa amelileta mwenyewe na kusema, "Mzee, ni lako, mimi nimekushikia tu." Praygod akafungua sauti kidogo kidogo. Paskasi akapuliza noti moja tu, ya chini kabisa, bila nguvu, kama mtu anayepoza uji.

Niliisikia kwenye magoti. Mabati ya kibanda yakaguna. Vumbi likaanza kushuka kutoka darini taratibu, katika mstari wa jua, na sauti ilikuwa bado inaendelea, pana, laini, haina haraka. Sikuwahi kumsikia hivyo hata alipokuwa na mapafu mazima. Zamani alikuwa anasukuma. Sasa alikuwa anaegemea tu. Na alipoacha, kabla hatujasema neno, kutoka ziwani kiboko akaitikia.

Nasema kweli. Aliguna mara moja, kwa sauti ile ile, kisha akarudia. Tukatazamana. Praygod alikuwa amekaa mdomo wazi. Mimi nywele zilinisimama, nikajikuta nimeshika kifua. Tumekaa na wanyama wale maisha yetu yote, tunawafukuza kwenye mahindi, wala hatukujua kwamba tuna kitu cha kuwaambia. Paskasi akacheka, na kucheka kukamletea kikohozi, na hapo ndipo tulipokisikia kile kingine.

Mdomo wa tuba uko karibu kabisa na sikio la mpigaji. Maiki ilikuwa pale juu, imefunguliwa sana kwa sababu anapuliza kidogo, na ilikuwa inachukua kila kitu. Alipovuta pumzi ili apulize tena, spika ya Praygod ikaitoa kwa kibanda kizima: mkwaruzo mrefu, mzito, kama mtu anaburuta gunia la mbaazi juu ya changarawe. Paskasi akaganda palepale. Nadhani hakuwahi kujisikia kutoka nje. Mimi nilikuwa nimezoea kumwona anapumua kwa shida, lakini sikujua ni shida kiasi hicho. 

"Praygod," akasema Paskasi kwa upole, "iteremshe ndani."

Praygod akalegeza mipira, maiki ikazama hadi kooni mwa tuba. Pumzi ikapotea. Sauti nayo ikawa ya kwenye pipa, lakini ilikuwa sauti.

"Hivyo hivyo," akasema Paskasi. "Eva asisikie ile. Siku yake asije akalia kwa ajili yangu. Mama Hope, umenielewa?"

Nilimwambia nimemwelewa.

Harusi ilikuwa kwenye ukumbi mpya wa Maisaka. Bwana harusi alikuwa Kipuyo, afisa mifugo kutoka Simanjiro, kijana mpole, na ndugu zake walikuwa wamejaa mabasi. Geti la ukumbi liko mbali, mwisho wa uwanja mrefu wa changarawe. Ibada ilipokwisha, watu wakiwa bado wanapiga picha kanisani, sisi tulikuwa tumekwisha kufunga sanduku la Praygod karibu na jukwaa na kumkalisha Paskasi nyuma yake na suti yake ya kijivu. Mzee Cornel alikuwa ametoa ruhusa kwa sharti moja. Kipimo ni kile kile. Yeye atakaa getini. Mkono usipopanda, DJ anawasha muziki wake, na Baba Eva anakwenda kukaa meza kuu kama baba wengine. DJ alikwisha kukaa tayari, kidole juu ya mashine.

Paskasi akajaribu. Nilikwenda mlangoni nikatazama geti. Mkono haukupanda. Praygod akaongeza sauti. Spika ikaanza kuvuma, halafu ikapiga yowe ambalo lilimtoa mpishi jikoni. Akapunguza. Paskasi akapuliza tena, kwa nguvu aliyokuwa hana, mpaka macho yakawa mekundu. Nikatazama. Mkono chini.

"Imezama mno," akasema Praygod. "Ikikaa humo chini haiwezi. Juu ilikuwa inaweza."

 Tulijua wote juu kuna nini. Kwa mbali tukaanza kusikia honi za magari ya harusi yakipanda kutoka mjini. Dorothea alikuwa amesimama pale na kitenge chake kipya, mikono ameifumbata.

"Paskasi," akasema, "huyo ni mwanao. Unamficha pumzi zako mpaka lini?"

Alimtazama mkewe. Kisha akaingiza mkono wake mwenyewe kwenye mdomo wa tuba, akazikaza zile tyubu kwa vidole vyeusi, kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka kile kimfuko cha shela kikapanda na kukaa juu, sambamba na sikio lake. Muda wa kujaribu tena haukuwapo. Nilikimbilia nje kwenye nafasi yangu na matoazi yangu, nikiwa naomba Mungu bila mpangilio.

Maharusi wakashuka. Tukajipanga nyuma yao, Nickson siku hiyo kwenye ngoma kubwa, na mshereheshaji akawaita. Watu wote wakasimama. Mlango ukafunguliwa, na kitu cha kwanza kilichotoka kwenye spika kilikuwa pumzi.

Ilitoka ndefu, inakwaruza, ikajaza ukumbi mpaka pembeni. Watu wakatazama spika, walidhani imeharibika. DJ akainama kwenye mashine yake. Nikamwona Evangelina kwa nyuma, mabega yake yakatulia ghafla, akajua. Hakuhitaji kuambiwa. Halafu noti ikaja.

Siwezi kuieleza vizuri, nimejaribu mara nyingi. Chupa za soda zilianza kulia kwenye meza, taratibu, zote kwa pamoja. Sakafu ilitushika miguu. Wazee wa Simanjiro waliokuwa wanaongea wakanyamaza na kuvua kofia, ingawa hakuna aliyewaambia wavue. Ilikuwa sauti ya mtu anayepuliza kwa pumzi kidogo sana, lakini hakuibakiza hata chembe. DJ akauondoa mkono wake kwenye mashine, akaukalia.

Evangelina akapiga hatua. Noti ikaisha, pumzi ikaanza kuvutwa, ile ya gunia na changarawe, na Kipuyo akataka kuendelea kutembea kama walivyofundishwa. Binti akambana mkono. Akabaki amesimama, mguu mmoja umenyanyuka kidogo chini ya gauni nililolishona mimi, anasubiri. Noti ikaja, mguu ukashuka.

Mungu wangu. Nilimwona mtoto yule kwenye nyasi. Dorothea alimwona pia, nilimsikia akiguna. Nickson akanyanyua kirungu cha ngoma akakiacha hewani. Mimi matoazi yangu nikayatenganisha nikayashikilia mbali, mimi ambaye sijawahi kunyamaza kwenye harusi hata moja, na msafara mzima ukawa unakwenda hivyo: akipuliza tunakwenda, akipumua tunasimama, bibi harusi, bwana harusi, wasimamizi, bendi, wote. Hakuna aliyetukumbusha mwendo. Hakuna aliyekohoa. Watu karibu mia tatu walikuwa wanamngoja mtu mmoja avute hewa.

Evangelina alipofika mbele, desturi ni kupita kwenda meza kuu. Hakupita. Alikwenda nyuma ya sanduku la Praygod alipokaa baba yake. Paskasi alikuwa analowa jasho, na alipomwona akaondoa mkono mmoja kwenye tuba, akajaribu kuisukuma maiki irudi ndani, aifiche. Evangelina akaushika ule mkono. Akainama karibu na sikio la baba yake, shela ikamfunika na yeye, akanong'ona. Alidhani ananong'ona. Lakini kile kipunje cha redio kilikuwa palepale kwenye mdomo wa tuba, kimevaa shela yake, na hakijawahi kuacha kitu kipite.

"Pumua kwanza, Baba," ikasema spika kwa ukumbi mzima, kwa jikoni, kwa uwanja wa changarawe na magari yaliyoegeshwa. "Usiwe na haraka. Nakusubiri."

Paskasi akapumua. Tulimsikia wote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaweka mdomo kwenye tuba, akapiga noti ya mwisho ya wimbo, ile ya chini kabisa ya kule ziwani.

Hapo ndipo nikakumbuka geti. Nikageuka. Mlango ulikuwa wazi, na mwisho wa uwanja Mzee Cornel alikuwa amesimama peke yake na koti lake jeusi. Alikuwa ameinua mikono, yote miwili, na noti ilipokwisha na watu wakaanza kupiga vigelegele, yeye alikuwa bado hajaishusha.